Nusu siku kwenye chai ya Makinohara: panda kwa miguu kutoka Kanaya

Wageni wengi wanaotaka kuona chai ya kijani ya Japani hukimbilia Uji, jirani na Kyoto. Uji ni pazuri, ila huko utaona maduka ya chai mengi kuliko michai. Ukitaka shamba lenyewe, pamoja na sababu iliyofanya shamba liwe pale lilipo, nenda Makinohara, mkoa wa Shizuoka. Ni uwanda wa juu wenye takriban hekta 5,000 za michai, na stesheni ya treni iko chini yake kabisa.

Njia hii inachukua saa 5 hadi 6, inatosha nusu siku, na haihitaji gari wala mwongozaji. Mpangilio wake ni huu: panda kwa barabara ya kale ya mawe, pita ngomeni, kata mashambani, kunywa chai kwenye jumba la makumbusho, kisha shuka kwa basi. Wanaoanza kwa basi hadi makumbusho huishia hapohapo, wakarudi bila kukanyaga shamba.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Ubao wa stesheni utaandika 08:00; hiyo ni saa 2 asubuhi.

Kabla ya kuondoka

Chagua siku kwanza. Jumba la makumbusho hufungwa Jumanne, na Jumanne ikiangukia sikukuu ya kitaifa, hufungwa siku ya kazi inayofuata. Hili ndilo kosa linaloharibu safari nyingi kuliko mvua.

Kisha chagua msimu. Chai ya kwanza ya mwaka huchumwa kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei. Wajapani huhesabu siku 88 tangu mwanzo wa majira ya kuchipua kwa kalenda ya zamani, na hesabu hiyo huangukia tarehe 1 au 2 Mei. Chai ya siku hizo ndiyo inayosifiwa zaidi. Ukifika wakati huo utakuta machipukizi ya kijani kibichi chenye umanjano, mashine zikikata, na harufu ya majani yaliyochomwa kwa mvuke ikitoka viwandani. Mchumo wa pili huanza Juni, lakini Juni ni mwezi wa mvua za mfululizo. Julai na Agosti jua ni kali, hewa ina unyevu mzito, na uwandani hakuna kivuli cha kusimama. Oktoba na Novemba michai huwa na maua madogo meupe, na nyasi ndefu zinakatwa. Ni msimu unaodharauliwa bure. Wakati wa baridi mashamba hulala, majani yakiwa kijani kizito, lakini ndio wakati mzuri wa kuuona mlima Fuji.

Beba haya: viatu vyenye soli inayoshika, maji lita 1, kofia, na sarafu za yen 100. Mizigo mikubwa iache kwenye makabati ya sarafu ya stesheni ya Shizuoka. Kanaya ni stesheni ndogo, usiitegemee kwa mizigo.

Hatua ya 1: kufika Kanaya

Kutoka Tokyo, panda treni ya mwendokasi ya Hikari au Kodama hadi Shizuoka. Hikari hutumia kama saa 1, Kodama kama saa 1 na nusu. Angalia kwenye ubao kama Hikari unayoipanda inasimama Shizuoka, maana si zote. Usipande Nozomi. Nozomi haisimami Shizuoka hata moja, na ukishakaa ndani utapita kasi chini ya uwanda huohuo wa chai, ndani ya handaki la reli, hadi Nagoya.

Shizuoka, hamia treni ya kawaida ya njia ya Tokaido inayoelekea magharibi. Baada ya kama dakika 35 utashuka Kanaya. Nauli ni takriban yen 600.

Anayetoka Kyoto au Nagoya ana njia ya mkato: Kodama hadi Kakegawa, kisha treni ya kawaida kuelekea mashariki, vituo 2 tu: Kikugawa, halafu Kanaya.

Kuna mtego wa kadi. Kadi ya nauli ya Suica uliyoipata Tokyo inafanya kazi ndani ya eneo la Shizuoka, lakini haikubali safari moja ya treni ya kawaida inayoanzia eneo la Tokyo na kuishia eneo la Shizuoka. Ukigusa Tokyo ukajaribu kutokea Kanaya, lango litakukatalia, na mhudumu atakutoza nauli kwa pesa taslimu huku kadi ikibaki imefungwa hadi ifunguliwe. Nunua tiketi ya karatasi kwa safari ndefu. Kadi itumie kuanzia Shizuoka.

Lenga kuwa Kanaya kama saa 2:30 asubuhi. Tumia choo cha stesheni, kinachofuata kiko ngomeni.

Hatua ya 2: mlima wa mawe

Ukitoka stesheni fuata vibao vya barabara ya kale ya Tokaido, ile iliyounganisha Edo (Tokyo ya leo) na Kyoto. Njia ilikuwa na vituo 53 vya kupumzikia wasafiri. Shimada kilikuwa cha 23 na Kanaya cha 24, na baina yao ulipita mto Oi.

Mto huo ndio unaoeleza chai hii yote. Serikali ya ukoo wa Tokugawa ilikataza daraja na vivuko vya mashua, mto ukabaki kizuizi cha ulinzi. Msafiri alivushwa na wapagazi wa mto: maskini mabegani, mwenye uwezo juu ya kitanda cha mbao kilichobebwa na watu kadhaa. Ilikuwa ajira ya vizazi. Mwaka 1870, baada ya serikali hiyo kuanguka, mfumo wa kuvushwa ukafutwa, na wapagazi wakakosa kazi. Mwaka mmoja nyuma yake, 1869, samurai waliokuwa watumishi wa shogun (mtawala wa kijeshi) wa mwisho, Tokugawa Yoshinobu, nao walikuwa wamepoteza mabwana na mishahara. Kundi lao likiongozwa na Chujo Kageaki lilipanda kwenye uwanda huu, wakati huo pori la nyasi lisilo na maji, likaanza kuuchimba na kupanda chai. Wapagazi wengine wakafuata. Mkono uliozoea upanga hauwi wa jembe kwa mwaka mmoja: samurai wengi walishindwa wakaondoka, na wakulima wa vijiji vya jirani wakaendeleza kazi.

Sasa panda. Barabara ya mawe ya Kanaya ina urefu wa mita 430. Kipande cha asili kilikuwa kimebaki kidogo sana, sehemu kubwa ikiwa imefunikwa. Mwaka 1991 wakazi wapatao 600 wakaurudishia mlima mawe yake. Mawe ni ya mviringo, yamepangwa bila saruji. Yakilowa yanateleza kama samaki. Njia iko kwenye kivuli cha miti, kwa hiyo hubaki na umande hata jua likiwa limeshachomoza. Kanyaga katikati ya mawe mawili, si juu ya kichwa cha jiwe moja, na kama mvua imenyesha usiku usiteremke kwa njia hii. Kupanda ni salama zaidi kuliko kushuka, na ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini.

Njiani kuna kijibanda cha Jizo, mlinzi wa wasafiri, anayeitwa Jizo "asiyeteleza". Wanafunzi huja kumwomba wasianguke mitihani. Tenga dakika 20 kwa mlima mzima, na 10 za ziada kama una watoto.

Hatua ya 3: ngome ya Suwahara

Ukitoka juu ya mawe, hatua chache mbele kuna magofu ya ngome ya Suwahara. Usitarajie minara, hii ni ngome ya udongo. Mbabe wa vita Takeda Katsuyori aliijenga mwaka 1573, na mwaka 1575 hasimu wake Tokugawa Ieyasu akaiteka. Kinachostahili kutazamwa ni mahandaki yake ya mwezi mchanga: mitaro mirefu iliyochimbwa kwa umbo la nusu duara mbele ya malango, ili adui asiweze kuja moja kwa moja na yule wa ndani aweze kutoka kwa pembeni. Simama ukingoni mwa mmoja wao, kisha geuza kichwa: michai inaanzia palepale.

Kuingia ni bure. Dakika 40 zinatosha, na choo kipo.

Hatua ya 4: kutembea mashambani

Kutoka ngomeni elekea kusini, kwenye makumbusho, kwa barabara za mashamba. Ni kama kilomita 2. Ramani ya simu inatosha, ila ipe maelekezo ya kutembea. Ukiiachia ya gari itakupeleka kwenye barabara kuu yenye malori na isiyo na njia ya waenda kwa miguu.

Nenda polepole hapa. Vitu hivi usivipite.

Umbo la mistari. Anayetoka Kericho au Mufindi amezoea michai iliyosawazishwa juu kama meza. Ya hapa ina mgongo wa mviringo kama mkate wa boflo. Kisu cha mashine kimepinda kwa umbo hilohilo, na mgongo uliopinda unatoa eneo kubwa la kuchuma kuliko bapa. Mistari hupandwa kwa nafasi ya kama mita 1.8. Kwenye mashamba tambarare mtu mmoja hukaa juu ya mashine inayopita huku na huku ya mstari. Kwenye vipande vidogo watu wawili hushika mashine pande mbili, na nyuma yake mfuko mrefu hujaa upepo na majani. Kuchuma kwa mkono kumebaki kwa chai ya bei ya juu na maonyesho.

Feni juu ya nguzo. Utaona mamia, kila moja ikitazama chini kwenye michai, na mgeni hudhani ni za umeme wa upepo. Kinyume chake: zinatumia umeme. Usiku wa Machi na Aprili usio na mawingu wala upepo, hewa baridi hulala chini na ile yenye joto hukaa mita kadhaa juu yake. Chipukizi likipigwa na sakitu huwa jeusi, na mchumo wa kwanza, wenye pesa nyingi kuliko yote, umekwenda. Kipimajoto kilicho usawa wa majani huiwasha feni, nayo huisukuma chini hewa ya juu.

Udongo. Kwenye shamba lililopaliwa karibuni utaona mawe laini ya mviringo. Ni mawe ya mtoni. Uwanda huu zamani za kale ulikuwa kitanda cha mto Oi, kabla ardhi haijainuka. Maji hupita haraka kati ya mawe hayo, na mchai hauvumilii mizizi kusimama majini. Sifa hiyohiyo ndiyo iliyofanya mpunga ushindikane hapa na pori libaki bila kulimwa hadi 1869.

Nyasi kati ya mistari. Kuanzia vuli wakulima hukata nyasi ndefu za susuki, huzifunga matita, huzianika, kisha huzitandaza mashambani. Matandazo hayo hushika unyevu, huzuia magugu na huoza kuwa rutuba. Sehemu zinakokatwa nyasi huitwa chagusaba, na kwa kuwa hukatwa kila mwaka, mimea na wadudu wa nyika wanaopotea mahali pengine wameendelea kuishi humo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo huu mwaka 2013 kuwa urithi wa kilimo wa umuhimu wa kidunia. Ukitazama magharibi siku ya hewa safi utaona mlima Awagatake, mita 532, wenye alama kubwa ya maandishi iliyochorwa kwa miti: 茶, yaani chai. Ilipandwa kwanza kwa misonobari mwaka 1932.

Adabu ya shambani ni fupi. Usiingie kati ya mistari, hata kwa picha moja: hujui shamba lilipuliziwa dawa lini, na viatu vyako vinaweza kubeba magonjwa kutoka shamba jingine. Usichume hata jani. Magari madogo meupe ya wakulima yanapita kwenye vijia vyembamba. Yakija, simama pembeni na uiname kidogo. Ukikuta kibanda kisicho na muuzaji, chenye mboga au machungwa na kisanduku cha pesa, weka sarafu kamili. Chenji hakuna.

Hatua ya 5: makumbusho, na buli

Jumba linaitwa Fujinokuni Cha no Miyako. Lilifunguliwa kwa sura yake ya sasa mwaka 2018. Hufunguliwa saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, na kuingia mwisho ni saa 10:30. Kiingilio cha mtu mzima ni yen 300. Kuna chai za nchi nyingi za kunusa na kulinganisha, na kuna mawe ya kusagia matcha, yaani chai ya kijani ya unga. Geuza jiwe polepole. Ukilizungusha kwa haraka linapata joto, na joto linaua harufu kabla unga haujatoka. Nyuma kuna bustani na nyumba ya chai iliyojengwa upya kufuata kazi ya Kobori Enshu (1579–1647), bwana wa chai na wa bustani. Kunywa matcha ndani ya nyumba hiyo kunalipiwa peke yake: kula kitamu kwanza, kisha matcha.

Lakini chai ya Makinohara si matcha, ni sencha, chai ya kijani ya majani, ya aina ya fukamushi, yaani iliyopigwa mvuke kwa muda mrefu. Jani likishachumwa lazima lipate mvuke mapema, ama litaanza kugeuka jekundu kama chai yetu ya rangi. Sencha ya kawaida hupata mvuke kwa sekunde 30 hadi 40. Makinohara ina jua jingi, majani huwa manene na makali, hivyo wakaongeza muda hadi sekunde 60 na zaidi. Jani hulainika na kumeguka wakati wa kusokotwa; ndiyo maana kwenye pakiti utaona chenga nyingi na vumbi la kijani. Mnunuzi asiyejua hudhani ameuziwa makombo. Sivyo; fukamushi ndivyo ilivyo, na kikombe chake huwa kizito, cha kijani kisichopenyeza mwanga.

Ukipewa buli na majani ujitengenezee, kwa watu 2:

Weka gramu 5 za majani, sawa na vijiko vidogo 2 vilivyojaa. Chukua maji yaliyochemka uyamimine kwenye vikombe visivyo na kitu, kisha kwenye chombo kingine. Kila unapohamisha, maji hupoa kwa takriban nyuzi 10. Unataka nyuzi 70, na mililita 160 kwa jumla. Mimina kwenye buli, funika, hesabu sekunde 40, usitikise. Gawa kidogokidogo kwa zamu, kikombe cha kwanza, cha pili, rudi cha kwanza, hadi tone la mwisho. Tone la mwisho ndilo lenye ladha nzito, na maji yakibaki kwenye buli yatachachusha mkupuo wa pili. Mkupuo wa pili tumia maji ya moto zaidi, sekunde 10 tu.

Ikitoka chungu ya kukunja uso, maji yalikuwa ya moto mno: ukali wa jani huyeyuka kwa joto, utamu wake huyeyuka hata kwa maji ya vuguvugu. Ikitoka nyepesi, ulimwaga mapema au majani ni machache. Buli likiziba, lina kichujio cha matundu makubwa lililotengenezwa kwa sencha ya kawaida. Fukamushi inataka wavu mwembamba. Sukari haiombwi. Aliyeshindwa kabisa aagize hojicha, chai iliyokaangwa. Ina harufu ya kahawa changa na hunywewa ya moto sana.

Hatua ya 6: kurudi, na daraja kwa mwenye nguvu

Basi la kurudi Kanaya huchukua kama dakika 5, lakini mabasi hayapiti mara nyingi. Piga picha ratiba ya kituoni unapofika, kabla hujaingia ndani. Ukilikosa, teksi ni dakika hizohizo. Mwombe mhudumu wa mapokezi akuitie.

Kama ni kabla ya saa 7 mchana na miguu ina nguvu, panda treni kituo 1 hadi Shimada na utembee dakika 20 hadi daraja la Horai. Lilijengwa mwaka 1879 ili wakulima wa chai wavuke kwenda mashambani mwao uwandani, miaka 9 tu baada ya wapagazi kuondolewa mtoni. Lina urefu wa mita 897.4, na rekodi za dunia za Guinness zililitambua mwaka 1997 kuwa daraja refu kuliko yote ya mbao ya waenda kwa miguu. Nguzo za chini sasa ni za zege, sakafu ni mbao. Ushuru ni yen 100 kwa mtu mzima na 10 kwa mtoto. Kingo zake ni fupi na upepo wa mtoni una nguvu: shika mtoto mkono, vua kofia. Mto ukifurika hufungwa.

Chai ya kubeba nyumbani nunua pakiti za gramu 100 zilizofungwa bila hewa, kadhaa ndogo badala ya moja kubwa. Sencha nzuri ya hapa huanzia karibu yen 1,000. Zisizofunguliwa zikae kwenye friji. Ukitaka kufungua moja, itoe uiache mezani hadi ipoteze ubaridi wote, maana pakiti ikifunguliwa ingali baridi, hasa kwenye joto la Mombasa au Dar, jasho la hewa litatua juu ya majani na ndani ya wiki moja yatanuka kama nyasi za banda.